Doti ya kanga kwa mfarishi wa zawadi: inafaa sana, ila ifuliwe kwanza

Kwa mfarishi wa viraka wa kumpa mama, shangazi au mjukuu, hakuna kitambaa cha madukani kwetu kinachoishinda kanga ya pamba tupu. Ni nyepesi, inapitisha hewa, inazidi kulainika kila inapofuliwa, na ina jina lake, kwa hiyo zawadi inasema hata kabla mtoaji hajafungua kinywa. Kasoro zake kubwa ni tatu: inarudi (inapungua ukubwa) ikifuliwa, inachuja rangi, na chapa yake mara nyingi haifuati uzi wa kitambaa. Zote zina dawa, mradi zishughulikiwe kabla mkasi haujagusa nguo.

Tuanze dukani. Kariakoo, Darajani Unguja, au Mtaa wa Biashara Mombasa, ambako huuzwa kanga za Mali ya Abdulla, doti za pamba na za polista hutundikwa pamoja, na kwa macho hazitofautiani. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo uzichome. Uzi wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu ya kijivu yanayosagika kwenye vidole. Polista inayeyuka, inajikunyata na kuacha punje nyeusi ngumu. Ya polista iache: haikai mkunjo wa pasi, na mfarishi unaotegemea mishono mingi iliyolala vizuri utakuwa na matuta. Mwambie pia muuzaji asiikate wala fundi wa barazani asiipinde. Upindo ule utaufumua mwenyewe, na kila upande utakula sentimita moja au mbili.

Soma jina kabla ya kulipa. Doti ya "Nani kama mama" inajieleza. Ile ya "Hasidi hana sababu" juu ya kitanda cha mkwe italeta kikao cha ukoo, hata kama uliipendea maua yake tu.

Mfarishi wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita unataka doti tatu: mbili za viraka, moja ya mgongo. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ikirudi kwa asilimia 4, inabaki 144 kwa karibu 106, na vipimo vyote hapa chini vinahesabu hivyo. Loweka kila doti peke yake kwenye maji baridi na sabuni, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki watu wanazitia kwa imani tu, hazishikizi rangi iliyokwisha kuchapwa. Kipimo cha kweli ni kitambaa cheupe chenye unyevu: kiweke juu ya sehemu nyekundu au nyeusi, kandamiza na pasi ya moto. Kikitoka na doa, rudi kwenye beseni. Doti inayoendelea kutoa rangi baada ya kufuliwa mara nne isichanganywe na kanga ya mji mweupe (mji ni ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo), maana siku mfarishi utakapofuliwa nyumbani kwa mwenyewe, weupe wote utageuka waridi.

Baada ya kufuliwa, wanga wa kiwandani unatoka na kanga inalegea kama leso ya zamani. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaikata hivyo hivyo, mkasi unaivuta, na mraba unatoka na pembe moja ndefu. Irudishie ugumu. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye lita moja ya maji, chemsha mpaka uone yamekuwa mazito kidogo, chuja, chovya kanga, anika kivulini, kisha ipige pasi ikiwa bado na unyevu.

Sasa lile tatizo la chapa. Chana ukanda mwembamba upande mmoja ili uuone uzi ulivyokwenda, kisha ulinganishe na mstari wa pindo. Si ajabu pindo kupinda kwa sentimita mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Fuata uzi, usifuate chapa. Ua likikaa mshazari kidogo ndani ya kiraka hakuna atakayeliona, lakini kiraka kilichokatwa nje ya uzi kitavutika wakati wa kushona na safu nzima itayumba.

Kata viraka vya sentimita 20.5 kila upande. Kwanza ondoa kwa chini ukanda wa sentimita 25 wenye pindo na jina, uuweke kando ukiwa mzima. Sehemu iliyobaki inatoa safu tatu za viraka sita, yaani 18 kwa kanga, 36 kwa doti. Unahitaji 35 vya kila doti, jumla 70, na viwili hivyo vya ziada vitafidia kosa moja kwa kila doti. Shona ukiacha robo tatu ya sentimita kwenye mshono, kwa sindano namba 14 na mshono wa milimita mbili na nusu. Panga saba kwa kumi, rangi zikipishana, utapata 133 kwa 190. Lalisha mishono upande wa kiraka cheusi zaidi, kwa sababu kanga ni nyembamba na mshono mweusi chini ya mji mweupe unaonekana kama mstari wa penseli.

Mgongo ni doti ya tatu, kanga zake mbili zikiunganishwa kwa upande mrefu. Inatoka 144 kwa 209 hivi, na ziada ile ya pembeni inahitajika, usiipunguze. Katikati, kwa Njombe, Lushoto au Limuru, weka pamba bapa ya polista inayouzwa kwa mita kutoka kwenye jora. Kwa pwani, shuka moja ya marekani inatosha kabisa. Anayelala Tanga mwezi wa pili chini ya pamba nene atauhifadhi mfarishi wako kabatini.

Kushona tabaka tatu kwa cherehani nyeusi ya miguu kunawezekana, lakini meno yake yanavuta kitambaa cha chini huku mguu ukisukuma cha juu, na hapo ndipo mikunjo inapozaliwa. Legeza parafujo ya juu inayokandamiza mguu. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka, kila baada ya sentimita 10, kuanzia katikati kwenda pembeni, usitegemee pini peke yake. Ongeza urefu wa mshono uwe milimita tatu na nusu, na kila mstari uanzie upande uleule. Ukiona kitambaa cha juu kinajikusanya mbele ya mguu, simama, fumua sentimita kumi, urudie. Mkunjo ulioshonewa ndani hautoki kwa pasi.

Kwa ukingo kanga haifai. Ni nyembamba mno, na ukingo ndio unaochakaa kwanza kwa kuvutwa na mikono. Hapo kitenge kinaishinda: nusu yadi inatoa mikanda saba ya sentimita 6, inayotosha kuzunguka mzingo wa karibu mita 6 na nusu pamoja na viungio. Unganisha mikanda kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja. Nacho kifuliwe kwanza kama kanga.

Zile kanda nne za majina ulizoziweka kando, chagua moja. Ipunguze ibaki jina tu na kipande chembamba cha pindo, kunja kingo zake, uishonee kwa mkono kwenye mgongo, upande wa kichwani, kabla ya kuweka tabaka pamoja. Ukiishonea baadaye uzi utapenya mpaka mbele.