Laptopu ya T480 yenye i5 niliyoichukua nikaiacha i7: namna ya kusoma prosesa kabla hujatoa hela

Muuzaji wa Kariakoo akikwambia "dada, hii i7, chuma kabisa", usimbishie. Mwombe aiwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo, fungua kile kidirisha chenye grafu (Performance, kisha CPU), halafu soma jina la prosesa, ule ubongo wa laptopu, mpaka herufi ya mwisho. Hiyo "i7" ni daraja tu la prosesa za kampuni ya Intel, peke yake haijakwambia kitu. Kuna i7 ya 2015 na kuna i7 ya 2022, zote zina stika inayong'aa pembeni ya kibodi, na stika mtu yeyote anaweza kuibandika upya.

Nina steshenari maeneo ya Survey, njia ya kwenda Chuo Kikuu Ardhi. Kazi za hapa ni kuchapa barua, kuprinti na kubaindi tasnifu, kadi za harusi na za michango, maombi ya mkopo ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo) msimu wake ukifika, na hesabu za vikoba kwenye Excel. Mashine ikiwashwa asubuhi haizimwi mpaka nifunge. Nilikuwa natafuta laptopu ya pili ya kaunta, bajeti isivuke laki saba. Kwa hela hiyo mimi sipotezi muda na mpya. Naenda moja kwa moja kwenye mtumba wa ofisini, zile ThinkPad, EliteBook na Latitude ambazo makampuni ya nje huzitoa kwa mkupuo yakishabadilisha vifaa.

Niliwekewa mbili mezani. Ya kwanza ThinkPad T470 yenye i7-7600U, ya pili ThinkPad T480 yenye i5-8350U. Kwa macho ni mapacha. Zote RAM ya GB 8, zote SSD ya GB 256. Ya i7 ilikuwa juu kwa elfu hamsini, na kijana akanieleza sababu bila kusita: "Dada yangu, i7 ni kubwa kuliko i5. Halafu jionee mwenyewe, hii kasi yake 2.8, hiyo 1.7."

Namba zenyewe ni za kweli, ila zimesomwa nusu. Ile i7-7600U ina viini viwili (core, sehemu zinazofanya kazi yenyewe) na nyuzi nne (thread, mikondo ya kazi inayobebwa kwa wakati mmoja). Ile i5-8350U ina viini vinne na nyuzi nane. Mpaka kizazi cha saba, yaani toleo la saba, prosesa za Intel zenye herufi U mwishoni zilikuwa na viini viwili tu, uwe umenunua i3, i5 au i7. Ulichoongezewa kwenye i7 ni kasi kidogo na kumbukumbu ya ndani ya prosesa (cache) kidogo. Mwaka 2017 kizazi cha nane kilipotoka ndipo i5 na i7 za U zikapanda hadi viini vinne. Zote mbili zimepangiwa wati 15. Sasa wati zile zile zikigawanywa kwa viini vinne badala ya viwili, kasi ya msingi inayoandikwa kwenye karatasi lazima ishuke, na ndiyo hiyo 1.7 iliyokuwa inatumika kunitisha. Kazi ikiwa moja tu, i5 hii hujisukuma hadi gigahezi 3.6 na ile i7 hadi 3.9. Tofauti ya hapo huioni kwenye Word.

Chukulia mafundi cherehani wawili wepesi na wengine wanne wa kawaida: suti moja wape wale wawili, sare za shule nzima wape wanne.

Lakini sikutaka kuishia kwenye karatasi. Nilikuwa na flashi yenye tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa mipango miji, aliniruhusu, kurasa zaidi ya mia mbili na ramani za rangi kila unapofunua. Nikaifungua kwenye zote mbili, nikaamuru igeuzwe PDF, na huku inageuka nikafungua Chrome na kuanza kuchapa barua ya kuomba kazi. Kwenye ile ya viini viwili grafu ilipanda mpaka asilimia mia ikakaa hapo hapo, na herufi zikawa zinatokea kwa mafungu: napiga "Yah: Maombi ya kazi", naona "Yah: Ma", kimya, halafu yaliyobaki yanamwagika pamoja. Kwenye ile ya viini vinne grafu ilipanda na kushuka, na barua ikaenda na vidole vyangu. Muda wa PDF yenyewe haukupishana sana, na mtu anayefanya jambo moja kwa wakati asingeona sababu ya kuikataa i7. Kaunta ya steshenari haiko hivyo. Mmoja anaprinti, mwingine anasubiri skani, wa tatu amekuinamia anakusomea barua uchape.

Sababu ya pili haina mjadala. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache sana, kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, washindani wa Intel, Ryzen za laptopu zinaanzia mfululizo wa 3000. Ya kizazi cha saba mafundi wanaiingizia Windows 11 kwa ujanja, utaikuta dukani inawaka vizuri tu, ila Microsoft hawaitambui wala hawaahidi kuiletea masasisho. Laptopu ninayofungulia akaunti ya benki na vyeti vya watu siwezi kuiweka kwenye hali hiyo ili nijisifu nina i7.

Kizazi unakisoma hivi. Tazama namba baada ya kistari: 7600U ni ya saba, 8350U ni ya nane, 10210U ni ya kumi. Mtego uko kwenye i5-1135G7, maana ina tarakimu nne na mtu anaweza kudhani ni kizazi cha kwanza. Ni cha kumi na moja. Ukiona namba inaanza na 1 kwenye laptopu za miaka hii, isome pamoja na jirani yake. Halafu njoo kwenye herufi. U ni ya kutunza chaji, ndiyo utakayoikuta kwenye laptopu nyingi za ofisi. H na HQ ni za nguvu, hupangiwa wati 45 hivi, zinataka feni kubwa na chaja nzito. Y ni dhaifu zaidi ya U, ipo kwenye zile nyembamba zinazopendeza mkononi. G yenye namba inakwambia kuhusu grafiki, na G7 ina nguvu kuliko G1.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wanalipita: jina la gamba halikuhakikishii kilichomo. T480 zilitoka kiwandani nyingine zikiwa na i5-7200U au i5-7300U, za kizazi cha saba, viini viwili. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 nazo hivyo hivyo. Kwa hiyo rafiki yako akikuelekeza "tafuta T480, ni nzuri", amekuelekeza nusu ya njia. Mbili zikiwa zimepangwa kwenye meza moja, bei moja, moja inakubali Windows 11 na nyingine haikubali, na muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Wanafunzi wa hapa huniuliza kila muhula. Wa usanifu majengo nawaambia kabisa wasinifuate mimi. Revit na programu za kutengenezea picha za majengo zinataka prosesa ya H na kadi ya grafiki inayojitegemea. Kwa mtumba, i7-9750H yenye viini sita ni mahali pazuri pa kuanzia, ukikubali kubeba uzito na kukaa karibu na soketi. U ya wati 15 itachora mistari ya AutoCAD bila shida, na jengo likishaanza kuwa na ghorofa na vivuli utaanza kusali. Wa uchumi na takwimu, wenye SPSS na Excel, hii hii i5-8350U inawatosha, hela inayobaki waongeze RAM.

"Anti, si bora nichukue MacBook ya M1?" Ni swali zuri. M1, prosesa ya Apple wenyewe, ilitoka Novemba 2020, ina viini vinane, na MacBook Air yake haina hata feni, kimya mpaka unasahau imewashwa. Kwa chaji kwenye meza hii hakuna wa kuishinda. Ila RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo, haiongezwi, na Revit na ArcGIS Pro (ya ramani) hazina toleo la Mac. Mtu wa Ardhi akisome hicho kipengele mara mbili. Zile laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon zilizoanza kuvuma 2024 nazo zinatunza chaji, lakini madereva ya vifaa (programu za kuviendesha) lazima yawe yameandikwa kwa ajili ya Arm, aina ya prosesa tofauti na za Intel. Nina printa ya zamani ambayo ndiyo inayonilisha. Siwezi kuileta mashine ambayo huenda isisalimiane nayo.

Mpya za bei ya chini, zile zenye Celeron N4020, kwa kazi yangu nazikataa. Viini viwili, nyuzi mbili, ilitoka 2019, na mara nyingi inafungwa na RAM ya GB 4 iliyochomelewa. Harufu ya upya itakwisha, viini viwili vitabaki. Kama lazima iwe mpya na hela ni kidogo, tafuta yenye Intel N100, ya 2023, ina viini vinne.

Wenye bajeti kubwa kidogo nao wana mitego yao. Kuanzia kizazi cha kumi na mbili Intel wanachanganya viini vya nguvu na viini vya kubana matumizi. i5-1235U inatangazwa kuwa na viini kumi, na ni kweli, ila vya nguvu ni viwili, vinane vilivyobaki ni vile vidogo. Bado ni nzuri kuliko yangu kwa mbali. Ninachosema ni kwamba usilipie neno "kumi". AMD wao wamejificha kwenye tarakimu. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 7000 za laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja muundo: Ryzen 5 7520U ina 2, kwa hiyo ndani ni Zen 2, muundo wa 2019, ingawa jina linaonekana jipya kuliko la Ryzen 5 5600U ambayo ni Zen 3. Nikipewa hizo mbili kwa bei moja nachukua 5600U bila kuuliza: ina viini sita, mwenzake vinne.

Turudi kwenye T480 yangu. Nililipa laki sita na nusu baada ya kuvutana. Nimeongeza kijiti cha RAM cha GB 8, ina nafasi mbili, na ukiweka vijiti viwili vinavyofanana hata grafiki ya ndani inapata nafuu kwa sababu inakula RAM hiyo hiyo. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka, na ya nyuma unaweza kuibadilisha laptopu ikiwa inawaka. Umeme ukikatika katikati ya mtu anayetuma maombi, nafasi hiyo ina thamani kuliko gigahezi yoyote. YouTube ya 4K inaicheza bila kuhema kwa muundo wa video wa VP9. Ule mpya wa AV1 hauna njia yake maalumu ndani ya prosesa, umeanzia kizazi cha kumi na moja, kwa hiyo hapo inatumia nguvu za viini na feni unaisikia.

Joto ni habari nyingine. Prosesa ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe, na Dar mwezi Februari, ndani ya fremu ya bati, i5 na i7 zinaweza kuwa sawa kwa sababu zote zimejishusha. Steshenari ina vumbi la karatasi, laini kama unga, linaingia kwenye mapezi ya feni na kukaa. Mara tu baada ya kununua, kabla hujajaza mafaili, mpe fundi afungue chini, apulize, abadilishe ile pesti kati ya prosesa na bomba la shaba. Ya kwangu ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa, na baada ya kubadilishwa feni iliacha kupiga kelele nikifungua Chrome. Kwa mashine ya 2018, kazi hiyo ihesabu kwenye bei ya kununulia.

Kasoro: skrini yake haina mwanga mwingi, ukikaa mlangoni jua linakushinda. Kuna toleo la 1366 kwa 768 ambalo kwa kupanga kadi za harusi halifai, hakikisha unapewa la 1920 kwa 1080. Na muulize muuzaji chaja ya Type-C ya wati 65 au 45, siyo ya simu.

Ukiipata T480 yenye i5-8350U au i5-8250U kwa laki sita hadi saba, skrini ya 1920 kwa 1080, betri zote mbili zinashika, chukua. i7-8550U ikiwa juu kwa elfu ishirini au thelathini, sawa, viini ni vile vile vinne, usiende zaidi ya hapo. Muuzaji akianza kutaja laki tisa, mshukuru, songa meza ya pili uulize i5-1135G7.