Audacity kwa kusafisha sauti ya video: feni inaiweza, honi haiiwezi

Kama unataka video iwe kimya kabisa, huihitaji Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti. Karibu kila programu ya kuhariri video ina alama ya spika pembeni mwa mstari wa sauti; ibonyeze, kazi imekwisha. Audacity inafaa pale msemaji anapotakiwa asikike vizuri, ila feni, jenereta au kiyoyozi kilichonguruma nyuma yake kinyamaze. Hapo inajua kazi yake, na ni ya bure.

Kero inaanzia kwenye kufungua faili. Kwa Windows haisomi MP4 mpaka uweke kando FFmpeg, kifurushi cha kuisaidia kusoma faili za aina hiyo, na hata ikisoma, picha huioni. Afadhali utoe sauti kwenye programu yako ya video kama faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 48,000 Hz, uisafishe, uirudishe.

Tafuta mahali penye mngurumo mtupu, sekunde moja au mbili, mtu asiwe anavuta pumzi wala kusogeza kiti. Pachague, kisha Effect, Noise Removal and Repair, Noise Reduction, Get Noise Profile. Sasa chagua sauti yote kwa Ctrl+A, rudi palepale kwenye Noise Reduction, weka kiwango cha kupunguza kelele dB 6 hadi 12. Kabla ya OK, gusa Residue halafu Preview: utasikia kile kinachoenda kutupwa. Ukisikia maneno humo, hata "s" na "sh" peke yake, punguza dB au Sensitivity. Kisha rudisha kwenye Reduce, la sivyo utabakiwa na kelele na msemaji ametoweka. Wengi hukimbilia dB 24, msemaji akatoka kama anaongea ndani ya pipa la maji.

Mvumo wa umeme una dawa yake, Notch Filter, inayokata masafa mamoja tu ya sauti. Unaikuta imewekwa Hz 60, ambayo ni ya umeme wa Marekani; Tanzania na Kenya ni 50. Ondoa 50, kisha 100 na 150 kama bado unasikia, na Q uipandishe ili mkato uwe mwembamba, usiguse sauti zilizo karibu na hapo. Upepo kwenye maiki unapungua kwa High-Pass Filter, inayokata sauti nzito za chini, ya 80 hadi 100 Hz. Ukizidisha, sauti nzito ya kiume inakonda.

Kikohozi au mlio wa simu kati ya sentensi: kichague, bonyeza Ctrl+L kukinyamazisha. Usifute kwa Delete kwa kuziba pengo, maana sauti yote inayofuata itasogea na midomo itapishana na maneno. Hata hivyo ukimya mtupu katikati ya mazungumzo unashtua sikio. Badala yake, kukipunguza tu kwa Amplify ya dB -20 kunapita bila kugundulika.

Ila honi ya bodaboda ikiangukia juu ya neno, au muziki wa baa ukipita chini ya mahojiano, Noise Reduction haikusaidii kitu, kwa sababu inafuta kelele isiyobadilika tu. Kwa Windows kuna programu-jalizi za OpenVINO za Intel zinazojaribu kutenganisha muziki na sauti ya mtu, lakini utapakua mafaili mazito na kompyuta dhaifu italemewa. Mara nyingi kurekodi upya sentensi hiyo ni haraka zaidi.

Wanaohariri kwa simu wasihangaike: Audacity ni ya Windows, macOS na Linux tu.

Ukirudisha WAV kwenye video, ianzishe sekunde ileile ya klipu na uzime sauti ya zamani. Zikicheza zote mbili, utasikia mwangwi na feni yako iko palepale.