Olanzapine na kiuno changu: uzoefu wa fundi cherehani, Mtwara

Olanzapine ni dawa yangu ya ugonjwa wa akili. Kwa upande wa kichwa naipa nyota tano. Kwa upande wa kiuno naipa moja na nusu, na hiyo nusu imeletwa na metformin, dawa ya kisukari, nitaieleza huko mbele.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nashona magauni ya vitenge, madera na sare za shule. Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaonifanya nisikie sauti zisizokuwepo. Dawa niliyoanzishiwa ilikuwa haloperidol, na sauti zilipungua kweli, lakini mikono ilikakamaa na kutetemeka. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Ilibidi binti wa jirani awe ananitungia, na upindo ukitoka umekwenda upande mteja anakutazama usoni, hasemi kitu.

Dokta akanibadilishia olanzapine, kidonge kimoja usiku. Mikono ikarudi. Sauti zikanyamaza, nikawa nasikia cherehani yangu tu. Usingizi nao ukaja, ule wa kupitwa na adhana ya alfajiri.

Halafu njaa. Hapa naomba nieleweke, maana wasioitumia wanadhani ni ulafi. Unamaliza ugali wako wa muhogo na samaki, sahani umeifuta, na bado tumbo linauliza chakula kiko wapi. Inakuja hasa usiku ukishameza kidonge. Unanyata jikoni, unafunua sufuria ya kiporo, unakula ugali wa baridi na mbaazi ambazo nazi yake imeshaganda juu, umesimama, taa hujawasha. Dawa hii inaziba vipokezi vya histamini na serotonini ubongoni, ambavyo ni miongoni mwa vinavyohusika na kushiba. Ndugu wakikuambia ujizuie tu, wasamehe.

Msimu wa korosho ndio balaa. Pesa inaingia mitaani, oda zinajaa, na wateja wanakuja na korosho za kuchoma kwenye karatasi. Gramu 100 za korosho zina kalori kama 550, na mimi gramu 100 nazimaliza nikikata kitambaa kimoja.

Nguo zetu za Pwani nazo zinasitiri mno. Ndani ya dera hujui nani amenenepa. Ila mimi futi iko shingoni kutwa, nikajipima: kiuno kilichokuwa inchi 31 kimefika 39. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linahesabu sentimita 88, karibu inchi 35, kuwa ni mpaka wa hatari kubwa ya kisukari na moyo. Nyumbani wao walikuwa na sherehe. Mama mdogo alipokuja kutoka Newala alipiga kigelegele mlangoni: "Mwanangu umenawiri! Sasa umepona." Simlaumu, maana mara ya mwisho aliniona nimekonda, nakataa chakula cha nyumbani nikihofia sumu. Lakini hebu jaribu kumwambia mtu wa namna hiyo akupunguzie ugali.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyenipima. Kituo nilichoanzia mzani upo, ila ni wa wajawazito na watoto. Inatakiwa upimwe uzito, kiuno, presha na sukari siku unapoanzishiwa dawa, kisha urudiwe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu kilo huanza kuingia mapema. Mimi niliulizwa "sauti bado zipo?", nikajibu hapana, nikapewa dawa, nikaondoka.

Na wala si siri mpya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2005, wenye wagonjwa wa skizofrenia karibu 1,500, ulionyesha kwamba waliopewa olanzapine ndio waliodumu na dawa yao kuliko wenzao, na ndio hao hao walionenepa kuliko wote. Watatu katika kila kumi waliongeza zaidi ya asilimia 7 ya uzito wao. Nilipoelezewa hilo nilicheka, nikajiona mimi mwenyewe.

Dokta wa pili alinipima sukari, akakuta imeanza kupanda, akaniongezea metformin. Mwanzoni iliniharisha, kwa hiyo usiianze wakati una safari ya basi. Ukiinywa pamoja na chakula inatulia. Njaa haijaisha, ila haipigi tena kelele vile. Soda nimeacha kabisa. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko kama tisa vya chai. Na kidonge cha usiku nakimeza nikiwa nimeshapanda kitandani, chandarua kimeshuka, ili usingizi uwahi kabla ya njaa. Hila hii imenifaa kuliko mawaidha yote ya "fanya mazoezi".

Mazoezi yenyewe ni kutembea jioni mpaka Shangani na kurudi. Kuna kikundi cha mbio mtaani, watu wazuri, lakini wanaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo mimi dawa bado iko kichwani, hata kamba za viatu sizioni. Mwalimu wao aliwahi kunishauri niache vidonge nipungue haraka. Ni kweli nitapungua, huku naokota makopo sokoni.

Kwa sasa futi inasoma 36. Ile 31 sidhani kama nitaiona tena, na magauni yangu ya zamani nimeshayafumua nikawashonea watoto wa dada. Dokta amenitajia aripiprazole, dawa nyingine ya ugonjwa huu huu, ambayo kwa kawaida hainenepeshi kama hii. Nimemwomba tusubiri sare za Januari ziishe kwanza. Nina wazazi wameshalipa nusu, siwezi kujaribu dawa mpya kwa mikono hii hii inayowashonea watoto wao.