Kununua simu Kariakoo ukiwa Mwanza: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa mwenye haraka: simu imefika, ni ile ile niliyoagiza, na duka nitalirudia. Ila mfumo wenyewe, huu wa kuchagua kwa picha Instagram, kulipa kwa simu na kupokea mzigo stendi, naupa nyota tatu kati ya tano.

Mtu wa Dar hawezi kuelewa tunachopitia. Yeye akiagiza, bodaboda inampelekea hadi mlangoni. Anafungua boksi, anawasha simu, anaikagua, ndipo analipa. Sisi tangazo hilo hilo lina mstari wake huko chini: "Mikoani malipo kwanza, tunatuma kwa basi." Kwa hiyo anayeweza kupanda daladala akaenda kugombana dukani ndiye anayepewa muda wa kukagua, na aliye mbali kuliko wote ndiye anayetakiwa kutoa hela yake kwa imani.

Ukurasa wa kwanza nilioufuata ulikuwa na wafuasi zaidi ya laki moja na bei iliyoniacha mdomo wazi. Sehemu ya maoni imefungwa. Nikashuka hadi picha za zamani kabisa, nikakuta udaku wa wasanii. Nikagusa "Kuhusu akaunti hii", kumbe jina limeshabadilishwa mara kadhaa. Akaunti zenye wafuasi wengi huuzwa kama bidhaa nyingine, kwa hiyo laki moja ile huenda haijawahi kununua hata chaja pale. Nilipoomba lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara, nikapewa namba ya kawaida, "jina litakuja la mke wangu." Mtanzania yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anajua wimbo huo unavyoendelea. Nikaaga.

Duka la pili bei ilikuwa juu kidogo. Nikaomba tuongee kwa video. Kijana hakuuliza kwa nini. "Dada yangu, ngoja nitoke nje uone na mtaa," akanizungushia kamera: fremu, bango, majirani, kelele zote za Kariakoo. Nikamwomba anisomee IMEI, namba ya utambulisho wa simu, iliyoandikwa kwenye boksi, nikaituma kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu likaja na aina ya simu, ikalingana. Utaratibu huo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wengi tuliujua mwaka 2016, simu feki zilipozimwa mwezi Juni, kisha tukausahau. Lakini msiutegemee peke yake. Unakuambia namba hiyo ni ya simu gani, haukuambii kama anayekusomea anayo hiyo simu mkononi. Tapeli naye anaweza kusoma namba kwenye picha ya boksi la mtu mwingine. Ndiyo maana nilitaka aisome huku kamera ikiwa juu ya boksi.

Nikalipa kwa lipa namba. Jina la biashara lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, na lilikuwa lile la kwenye bango. Hapo ndipo moyo ulipotulia kidogo, maana hela ikienda kwenye namba ya mtu binafsi anaweza kuitoa kwa wakala kabla hujamaliza kumpigia huduma kwa wateja, na iliyokwisha kutolewa hairudi kirahisi.

Jioni akanitumia picha ya risiti ya mzigo na namba za basi. Sasa hapa ndipo watu wengi huachia pumzi mapema. Risiti ya basi ni karatasi tu, yeyote mwenye kalamu anaweza kuiandika, na namba ya simu iliyo juu yake inaweza kuwa ya rafiki yake. Mimi sikuipiga. Kampuni ile ina ofisi stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, nikaenda mwenyewe, wakawapigia wenzao wa stendi ya Mbezi, Dar. "Upo, umeandikwa jina lako, unaingia kesho." Kwa huduma hiyo ambayo hata siyo kazi yao, wale watu wa mizigo wanastahili nyota zao peke yao.

Nilimuuliza kijana kwa nini wasitutumie tulipe tukipokea, kama Dar. Akacheka. Wateja wa mikoani, anasema, wanaagiza, mzigo ukifika wanazima simu. Mzigo unarudi, nauli mara mbili juu ya duka. Na wapo wanaotuma ujumbe bandia wa muamala. Hilo namwamini, kwa sababu dada yangu anauza vitenge na alishaletewa ujumbe wa aina hiyo. Maneno ni yale yale ya mtandao wa simu, ila umetoka kwenye namba ya kawaida na salio halijaongezeka hata shilingi. Siku hizi hatoi mzigo mpaka aangalie salio, na mteja mwaminifu anaona kama anatuhumiwa.

Basi tatizo ni kwamba hakuna anayeishika hela katikati wakati mzigo uko njiani. Kinachoniudhi ni kwamba wafanyabiashara wetu wanaijua dawa yake. Wanaoagiza China kupitia Alibaba wanaweza kulipia kwa utaratibu ambao hela inakaa pembeni mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Alipay yenyewe, huduma ya malipo ya Wachina, ilianzia hapo, mwaka 2004, kwa sababu Wachina wasiojuana walikuwa wanaogopana kama sisi. Mtu analindwa hela yake dhidi ya kiwanda cha Guangzhou, halafu mimi wa Mwanza ananiambia niamini tu. Jumia, duka la mtandaoni, waliokuwa wanakubali ulipe ukipokea walifunga Tanzania Novemba 2019, na tangu hapo kwa watu wa huku naona pengo limebaki vile vile. Mtandao wa simu utakaoweka kitufe cha "shikilia mpaka nipokee" kwenye lipa namba, mimi nahamia siku hiyo hiyo.

Simu niliifungulia palepale kaunta ya mizigo. Nikabonyeza *#06# kuona IMEI, namba zikalingana na za boksi. Boksi lenyewe lilikuwa limeshafunguliwa. Kijana anasema walibandika protekta, na kweli ipo. Lakini chaja iliyokuwemo siyo ya simu hii, inachaji kwa mwendo wa konokono. Nilipompigia alianza na "zote zinakuja hivyo dada," nikamtumia picha ya maandishi ya kwenye boksi, akanyamaza, kesho yake akarudisha elfu kumi na tano bila kuombwa tena. Nilinunua nyingine Makoroboi, ikabaki na chenji. Nyota moja ya duka imeondoka na chaja hiyo. Ukiagiza, mwambie akuonyeshe na chaja kwenye video.