Uzoefu wangu: sensa ya joto DS18B20 kwenye saa ya kuunda mwenyewe

Saa nyingi za kujiundia zinazotumia DS3231, chipu inayotunza muda, tayari zinaonyesha joto, lakini joto hilo si la kutegemea. Kipimajoto kilichomo ndani ya chipu hiyo kazi yake ni kurekebisha mwendo wa kristali inayoendesha saa. Kinaweza kukosea hadi nyuzi 3 juu au chini, na hupima upya kila sekunde 64. Ndiyo maana niliongeza DS18B20 kwenye saa yangu yenye ATmega328P (chipu inayoendesha programu ya saa), tarakimu nne za LED na rejuleta ya 7805 inayoshusha umeme hadi volti 5. Sensa yenyewe naisifu bila kusita: usahihi wa nusu nyuzi kuanzia -10 hadi 85, inakubali volti 3 hadi 5.5, na inakula pini moja tu ya ATmega. Shida zote nilizokutana nazo zilitoka kwenye ufungaji na programu, na karibu kila moja hujitambulisha kwa namba inayotokea kwenye saa.

Ikitokea -127, usibadilishe sensa kwanza. Hiyo si joto; ni namba ambayo maktaba ya DallasTemperature (programu iliyoandikwa tayari ya kusoma sensa hii) hurudisha inapokosa kuipata sensa. Mara nyingi kinachokosekana ni rezista ya 4.7K kati ya waya wa data na chanya. Rangi zake ni njano, zambarau, nyekundu. Rezista iliyomo ndani ya ATmega ni ya kilo-omu 20 hadi 50, dhaifu mno kwa kazi hii, kwa hiyo usiitegemee hata kama kwenye meza ilionekana kufanya kazi. Weka mita kwenye waya wa data wakati sensa haisomwi: unatakiwa kuona karibu volti 5. Ukiona sifuri na rezista ipo, huenda lehemu imeunganisha miguu miwili; kagua pia kama sensa imegeuzwa. Upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kushoto ni hasi, katikati data, kulia chanya. Iliyogeuzwa huchemka kiasi cha kuunguza kidole, basi iguse kwa tahadhari na uzime umeme upesi. Zile zilizofungwa kwenye bomba la chuma huja na nyaya nyekundu, nyeusi na njano, lakini rangi hazifuatwi na watengenezaji wote. Soma maelezo ya muuzaji kabla ya kuwasha.

Namba 85 inawasumbua watu kuliko zote kwa sababu inafanana na joto halisi. Ndiyo thamani iliyomo kwenye sensa mara tu inapopata umeme, kabla haijapima chochote. Ukiiona mara moja wakati wa kuwasha, programu imesoma mapema: kipimo cha biti 12, yaani chenye hatua ndogo zaidi, huchukua hadi milisekunde 750. Ikijirudia kila mara, kagua waya wa chanya. Ukiwa umekatika, sensa hujilisha umeme kidogo kupitia waya wa data, inajibu ikiitwa, ila nguvu za kukamilisha kipimo haina. Lehemu upya mguu huo, kisha weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu na sensa.

Kuna kosa lisiloonekana kwenye namba bali kwenye mwanga. Tarakimu za saa hizi huwashwa moja baada ya nyingine kwa kasi, na programu ikisimama milisekunde 750 kusubiri sensa, tarakimu moja hubaki inang'aa na nyingine zinazimika. Dawa ni kuweka setWaitForConversion ya maktaba ile kuwa false ili programu isisubiri, kuomba kipimo, kuendelea na saa, kisha kusoma baada ya sekunde moja. Kwa joto la chumba, kusoma kila sekunde 30 kunatosha kabisa. Usiache pia kukagua CRC, namba inayotumwa na sensa ili kuthibitisha kuwa data imefika salama. Kipimo kisicholingana kitupwe, na namba ya zamani ibaki.

Kosa gumu zaidi ni namba inayoaminika lakini ya uongo: saa inasema 31 na chumba kina 27. Hapo sensa haina hatia. Rejuleta ya 7805 ikipewa volti 9 na saa ikivuta miliampea 150, wati 0.6 zinageuka joto kwenye bodi, na LED nazo zinaongeza. Joto hilo hupanda hadi kwenye sensa kupitia miguu yake ya chuma, hivyo kuisogeza sentimita mbili hakusaidii. Itoe nje ya kasha kwa waya mwembamba wa nusu mita, funika kila mguu kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, na rezista ibaki kwenye bodi. Adapta ya volti 7.5 badala ya 9 pia hupunguza joto, na bado inaiachia 7805 nafasi ya kufanya kazi.

Kuhakiki, tumia sensa ya bomba la chuma ndani ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Koroga, subiri dakika chache, na inatakiwa kuonyesha kati ya -0.5 na 0.5. Maji yanayochemka siyapendekezi kama kipimo. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na mtu anaweza kuitupa sensa nzima akidhani imeharibika.