Thamostati ya Impreza WRX, na gereji iliyoniambia niandae hela ya gasketi

Naanza na hukumu: spea nyota sifuri, gereji nyota moja. Hiyo moja ni ya mkanda wa taimingi, nitaifikia.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya zamani, ile ya macho ya mviringo, injini EJ20 yenye tabo. Habari za nguvu za farasi katafuteni wenyewe. Ilipelekwa kubadilishwa mkanda na pampu ya maji, ikarudi na thamostati "mpya" ambayo hakuna aliyeiomba. (Thamostati ni kivalvu kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto.) Haikupita wiki. Kwenye foleni ya Mwenge imetulia, feni zinawaka na kuzima kama kawaida. Ukishatoka ukaikanyaga kidogo Barabara ya Bagamoyo, sindano ya joto inapanda. Ukiachia mafuta, inashuka yenyewe. Na sindano ya Subaru hizi imetengenezwa ikae palepale hata joto likibadilika kiasi, kwa hiyo ukiiona inacheza ujue umeshachelewa.

Fundi hata boneti hakufungua. "Bosi, Subaru zote zinachemsha. Andaa hela ya gasketi ya silinda hedi. Au tuitoe tu hiyo thamostati, nchi yetu ya joto." Akarudi kwenye simu yake.

Subaru zote zinachemsha! Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 na tena 2000, kwenye vumbi la Kenya, leo ishindwe na Tegeta. Sawa, ile ilikuwa gari ya mashindano. Lakini jamani.

Hilo la kutoa thamostati ndilo linaloua magari ya watu. Bila thamostati, ukiwa mwendo mrefu injini inabaki ya uvuguvugu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa na inazidi kumwaga petroli, plagi zinaingia masizi, na oili haifiki joto la kukausha unyevu. Kwenye foleni itapata moto vilevile. Umetibu nini?

Na gasketi, ile inayotenga moto wa silinda na maji, haisemwi kwa mdomo, inapimwa. Injini ikishapata moto, angalia chupa ya akiba: mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma ni dalili mbaya. Kisha tumia kile kipimo cha maji ya bluu, kinachonyonya hewa kwenye mdomo wa kujazia. Yakigeuka njano, gesi ya moshi imeingia kwenye maji. Yangu yalibaki bluu, mara mbili.

Basi nikaitoa thamostati yao nikaiweka kwenye meza ya jikoni, ubavuni mwa orijino. Hapo ndipo hasira ilipoanza rasmi. Orijino ni nene, ina kopo kubwa la nta (nta ikipata moto inatanuka na kuifungua) linaloingia ndani sana. Ile ya kwao kopo lake ni kama kifuniko cha kalamu, na tundu la kupitisha maji ni jembamba. Nikazifunga zote kwa uzi, nikazining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, zisiguse chini. Orijino inatakiwa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na kuwa wazi kabisa kwenye 91. Cha ajabu, na ya kwao ilianza kwenye 79! Ndiyo maana fundi anaweza kukuapia kwamba ni nzima. Sufuria haimsuti, macho ndiyo yanamsuta.

Sababu ni hii. Kwenye EJ thamostati haikai juu, maji ya moto yanapotoka. Inakaa chini, kwenye mlango wa pampu, maji yaliyopoa ya rejeta yanapoingia. Kinachoifungua ni maji ya moto yanayorudi kutoka kwenye hita na njia ya mzunguko mfupi usiopitia rejeta, yanayoliosha lile kopo la nta. Kopo likiwa fupi halifiki kwenye maji hayo. Linaoshwa na baridi ya rejeta, linajifunga, huku silinda zinaungua.

Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Injini iwe baridi kabisa. Toa plastiki ya chini, fungua koki ya rejeta, kinga kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Fuata hosi ya chini ya rejeta hadi inapoishia, chini ya pampu; kifuniko kimeshikwa na bolti mbili za spana namba 10. Zinaingia kwenye alumini, usizikaze kwa hasira kama yangu. Weka ringi mpya ya mpira. Kile kipini kidogo cha thamostati kinachochezacheza kielekee juu na upande wa mbele wa gari.

Kujaza ndiko wengi wanakoharibu. Nusu kulanti, nusu maji ya betri, yale ya kuongezea, sio asidi. Maji ya kisima cha Dar yenye chumvi yanakula alumini. Pandisha pua ya gari, fungua kiskrubu cha hewa juu ya rejeta, jaza polepole kupitia tangi dogo la juu huku unaminya hosi. Yakitoka bila povu, funga. Washa hita mpaka mwisho, shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika tano hivi, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikipuliza baridi, hewa bado imo. Ikipoa, ongeza tena. Na mifuniko miwili, wa tangi na wa rejeta, usiibadilishane: wa rejeta una springi ngumu zaidi ili presha itokee kwenye tangi.

Sasa ile nyota. Mkanda waliufunga vizuri, lazima niseme. Tenshona ya mafuta, ile inayokaza mkanda, waliibana kwenye vaisi taratibu, dakika tatu na zaidi, ndipo wakachomeka pini. Alama za gia zote nne zimelala mahali pake. Kwenye injini hii mkanda ukiruka, valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo hiyo si kazi ya mtoto. Pengine nyota moja ni roho mbaya. Wape mbili. Na thamostati yenyewe huenda ingefaa kwenye kigari kisicho na tabo.

Ila nilipokuwa naitoa, kipini chake kilikuwa kimeangalia nyuma. Nimewarudisha kwenye moja.