CAM kwenye kompyuta ya Linux: nimeijaribu DuoFlex CI

Karibuni wadau. Mezani leo nina bodi ya Digital Devices Cine S2, ile ya kuchomeka kwenye sloti ya PCIe ndani ya kompyuta, yenye tyuna (vipokea mawimbi) mbili za dishi, na bodi yake ndogo ya DuoFlex CI, yenye sloti ya CI, yaani sloti ya kawaida ya kuchomeka CAM. Nina pia CAM, kile kifaa kidogo bapa kinachofungua chaneli za kulipia, ambayo ndani yake nimeshaweka kadi yangu ninayoilipia. Mnaniuliza kama kompyuta inaweza kufungua chaneli za kulipia bila king'amuzi. Inaweza, lakini msikimbilie kununua CAM kabla hamjanisikiliza hadi mwisho.

DuoFlex inaungana na Cine kwa kebo hii bapa. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Sasa tazameni kwa karibu hapa CAM inapoingia: pini 68, safu mbili, na zote ziko upande wa bodi. CAM yenyewe ina matundu tu. Ukiilazimisha, unakunja pini, na hapo umeua bodi. Kingo za CAM hazifanani, zimetengenezwa hivyo makusudi, kwa hiyo ikigoma igeuze.

Nawasha. Nikiandika dmesg, amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa mfumo, naona CAM imetambuliwa. Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili, nikiamini kazi imekwisha! Maana yake ni kwamba bodi imesoma maelezo ya CAM na kuanza kuzungumza nayo, basi. Kufungua chaneli ni hatua nyingine. Programu ya kupokea matangazo ya TV, mimi natumia Tvheadend, inapaswa kuiambia CAM: nataka chaneli hii, picha yake iko hapa, sauti yake pale. CAM inachota ujumbe uliofichwa ndani ya matangazo na kuupa kadi, kadi inarudisha ufunguo. Ufunguo huo hubadilika kila baada ya sekunde chache. Picha ikija vizuri halafu ikakatika ghafla, na mawimbi bado yana nguvu, usipande juu ya paa kuzungusha dishi. Anza na kadi.

Kilichonivutia zaidi ni hiki. Kwenye bodi nyingi CAM imefungwa kwa tyuna moja, ukihamia nyingine huna kitu. DuoFlex hii inaonekana kwenye Linux kama kifaa kinachojitegemea: programu inatuma data kwake, inaipokea ikiwa imefunguliwa. Tyuna yoyote inaweza kuitumia. Ila kuna mpaka. Kiwango cha CI kinadai CAM ipitishe angalau megabiti 58 kwa sekunde, na transponda moja (masafa yanayobeba chaneli kadhaa pamoja) ya HD kwenye setilaiti za Astra hubeba megabiti arobaini na kitu. Moja inapita nzima, mbili kwa pamoja usizitegemee. Na chaneli ngapi zifunguke kwa wakati mmoja, hilo linaamuliwa na CAM, kwa hiyo soma maelezo yake.

Sasa CI+, toleo jipya la CI lenye ulinzi mkali zaidi, na hapa naomba mnisikilize sana. CAM ya CI+ inatoshea kwenye sloti hii bila shida, ndiyo maana watu wanaponzwa. Kabla ya kutoa picha inataka cheti kutoka kwa kifaa kilichoipokea. Televisheni ya dukani inacho. Bodi yetu hii haina. Mtoa huduma akidai ulinzi huo kwenye chaneli zake, utabaki na kioo cheusi hata kama umelipia mwaka mzima. Mimi naona ni dhuluma kwa mteja aliyelipa, lakini ndivyo mambo yalivyo. Piga simu kwanza, uliza kadi yako inafanya kazi kwenye CAM ya CI ya kawaida au la. Wakikujibu CI+ pekee, DuoFlex iache dukani.